Ofisi yenye hodi: ukumbi wa wazi, chumba chenye mlango au kazi ya nyumbani kwa mtu mkimya

Meza yangu ya kwanza katika ukumbi wa wazi ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mashine ya kuchapishia. Kila aliyetuma karatasi zake alikuja kuzisubiri, na anayesubiri hutafuta wa kuongea naye. Dakika moja ya huyu, dakika mbili za yule: foleni ya jana, Simba na Yanga, nani kahamishwa, nani anaoa. Walikuwa watu wazuri na hakuna hata mmoja aliyenikosea. Lakini ikifika saa nane mchana nilikuwa hoi kama niliyeshinda napakua magunia, na taarifa niliyoianza saa tatu asubuhi ilikuwa bado ukurasa wa pili.

Baadaye nilihamia chumba cha watu wawili chenye mlango, na baada ya hapo nikafanya kazi nyumbani kwa muda mrefu. Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya mkimya mwenzangu mwenye barua mbili za ajira mkononi, au anayefikiria kuomba uhamisho, au aliyeambiwa achague siku za kuja ofisini, na hajui apimie nini.

Mimi napimia hodi. Mtu akinihitaji, kuna kitu kinachonijulisha kabla hajanifikia? Watu wengi hudhani mkimya hachoshwi na chochote isipokuwa maneno, hivyo wanamshauri atafute mahali penye watu wachache. Mimi nimeona vingine. Wakimya wengi tunaongea vizuri sana tukijua tunaongea saa ngapi, na nani, kuhusu nini. Kinachotumaliza ni maneno yanayoingia bila kubisha. Ofisi ya watu hamsini yenye utaratibu wa hodi inakalika. Nyumba ya watu wanne isiyo nao haikaliki.

Kabla sijaendelea, jambo moja lisichanganywe. Daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, ndiye aliyeeneza mgawanyo huu katika kitabu chake cha mwaka 1921: kuna ambao nguvu zao zinaelekea nje, kwa watu na shughuli, na kuna ambao zinaelekea ndani. Vijana siku hizi husema introvati. Huyo si lazima awe mwenye aibu. Mwenye aibu anatamani kusema na anaogopa. Mkimya anaweza asiogope hata kidogo, ila baada ya saa mbili za watu anahitaji nusu saa ya peke yake. Na kama kinachokusumbua ni hofu yenyewe, moyo kwenda mbio, kutokwa jasho, kukosa usingizi usiku wa kuamkia kikao, meza haitakusaidia. Hiyo ni ya kumpelekea mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, na ina tiba. Usijifariji kwamba ni tabia tu.

Ukumbi wa wazi

Mtindo huu ulipata nguvu Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950. Waasisi wake walitaka habari zitiririke kati ya watu bila kuta kuzizuia, na leo mabenki, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni za simu kwetu zimeupokea, pia kwa sababu unaokoa nafasi. Wanaokuajiri watakwambia unaleta ushirikiano. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walichapisha matokeo ya kupima jambo hilo katika makao makuu ya kampuni mbili kubwa zilizokuwa zinabomoa kuta. Wafanyakazi walivaa vifaa vilivyorekodi nani anakutana na nani. Baada ya kuta kuondoka, mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takribani asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka.

Ukishakaa ukumbini unaelewa kwa nini. Mtu aliyenyang'anywa ukuta anajijengea wake, kwa hedifoni na kwa uso ulioinamia kompyuta. Tatizo ni kwamba ukuta wa hedifoni unasomeka vibaya katika ofisi zetu. Mama wa makamo anayekusalimu mara mbili bila kuitikiwa hatajua kwamba unatafuta utulivu. Atajua kwamba humheshimu, na kabla ya jua kuzama mkuu wa idara atakuwa ameshaambiwa kuna kijana ana dharau.

Hata hivyo ukumbi una zawadi moja ambayo chumba hakina, nayo ni kujifunza kwa kusikia. Nilijua namna ya kumjibu mfadhili aliyekasirika kwa kumsikiliza mwenzangu wa meza ya pili akiongea na simu, na wala sikuhitaji kwenda kumuuliza mtu, jambo ambalo mkimya huliahirisha wiki nzima. Ndiyo maana aliye katika mwaka wa kwanza au wa pili wa kazi ningemshauri asiukimbie ukumbi. Apiganie meza tu. Ukuta uwe mgongoni, maana anayefikiwa kwa nyuma hatulii. Mashine ya kuchapishia, mtungi wa maji na njia ya chooni viwe mbali. Nani yuko jirani yako si muhimu kama wangapi wanapita karibu yako.

Dawa ya pili ni saa. Nilipokuwa nakaa Kimara, Dar es Salaam, nilipanda basi la mwendokasi la saa kumi na mbili kasoro, saa moja niko mezani, na hadi saa mbili na nusu ukumbi ulikuwa wangu na mhudumu anayedeki. Kazi nzito zote niliziweka hapo. Najua si kila mtu anaweza. Mwenye mtoto wa kumsindikiza kwenye basi la shule hana asubuhi hiyo, na mwajiri asimpime kwa kipimo hicho.

Chumba chenye mlango

Hapa nazungumzia ofisi za serikali za mtindo wa zamani, na baadhi ya ofisi za wakaguzi, mawakili na vyuo, ambako watu wawili au watatu wanakaa ndani ya chumba kimoja.

Mlango wetu ulikuwa wa mbao, umepauka sehemu ya kitasa. Anayekuja anagonga kidogo kwa kidole kilichokunjwa, anasema hodi, na unamwambia karibu. Kati ya hodi na karibu kuna pumzi mbili. Katika pumzi hizo mbili nilimaliza sentensi, nikaweka kalamu, nikainua uso nikiwa tayari kumpokea mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kidogo namna hiyo kinaweza kubadilisha siku nzima ya kazi, mpaka nilipokipata.

Halafu kuna maandishi. Katika utumishi wa umma hoja inasafiri ndani ya jalada: unaandika dokezo, jalada linapita masijala, mkuu anasoma na kuandika maelekezo chini yake, linarudi. Siku hizi mfumo wa Ofisi Mtandao unafanya safari hiyo kwenye kompyuta, lakini mpangilio ni uleule. Watu wanaulalamikia kwa ucheleweshaji, na wana haki. Kwa mkimya, lakini, ni uwanja uliosawazishwa. Hakuna anayekukatiza katikati ya dokezo. Niliwahi kuandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu namna tunavyochelewesha malipo ya wazabuni, nikiwa na tarehe na viambatisho, na jalada likarudi na maneno mawili: "Nakubali. Tekeleza." Ningeyasema hayo kikaoni nisingefika sentensi ya tatu.

Sasa upande wa pili. Kwanza, chumba ni mtu uliyenaye. Ukipangwa na mwenye wageni kumi kwa siku, mlango huo ni wake, na hodi zote ni zake, bora ukumbi. Uliza mapema. Pili, kama ofisi yenu inahudumia wananchi na nje kuna benchi, hodi haiishi mpaka jioni. Tatu, na hili ndilo lililoniuma, mlango unakuficha. Nafasi ya kukaimu ilipotokea alipewa aliyezoeleka koridoni. Sikuonewa kwa makusudi. Jina langu halikuwa midomoni mwa watu siku ile. Anayechagua chumba achague pia namna ya kutoka nje ya chumba hicho: angalau mara moja kwa wiki peleka kazi yako kwa mkono, kwa miguu yako, badala ya kuituma.

Nyumbani

Mashirika mengi yalipowarudisha wafanyakazi wao nyumbani mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wakimya wengi tulishukuru. Nami nilidhani nimefika.

Tatizo lilianza na neno moja: upo. Jirani anatoka, anaomba umwangalizie jiko kwa sababu upo. Shemeji anamwacha mtoto kwa sababu upo. Fundi wa maji anaelekezwa kwako kwa sababu upo. Kwa wengi wetu mtu aliye nyumbani mchana hayuko kazini, hata akivaa shati na kukaa mbele ya kompyuta. Na kama umepanga vyumba viwili uswahilini, kuna muuza samaki, kuna redio ya dirisha la pili, kuna spika ya baa inayojaribiwa kuanzia saa tisa. Nyumba zetu zina hodi nzuri kabisa, yenye adabu zote, ila hakuna anayetegemea kwamba unaweza kuijibu "sina nafasi".

Kisha simu. Kikundi cha idara, kikundi cha mradi, kikundi cha michango ya harusi, kikundi cha kikundi kidogo kilichojitenga na kikundi kikubwa. Ni ukumbi wa wazi uliouweka mfukoni, na huo haufungwi saa kumi na moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Ujumbe wa bosi wa saa tatu usiku hauonekani kama kazi, lakini ubongo unaoujibu uko kazini. Nilichofanya ni kunyamazisha vikundi vyote na kuvifungua mara tatu kwa siku, na kumwambia kiongozi wangu kwamba jambo la haraka anipigie. Alipiga mara mbili tu katika mwezi mzima.

Faida kubwa ya nyumbani iko kwenye vikao. Kikao cha mtandaoni kinampa mkimya kitu ambacho meza ya mkutano haijawahi kumpa: kitufe cha kuinua mkono, na foleni inayofuatwa. Unaweza pia kuandika hoja yako pembeni wengine wakiendelea kusema, mwenyekiti akaisoma. Watu waliowahi kukaa nami vikao viwili kwa mwezi bila kusikia sauti yangu waliniuliza kama nimebadilika.

Lakini mkimya naye hunyauka. Mwezi wa nne wa kufanyia kazi nyumbani nilikwenda dukani kununua mkate, nikajibu salamu, na sauti ikatoka imekwaruza kwa sababu ilikuwa ya kwanza siku hiyo na tayari ni jioni. Tangu hapo sishauri mtu akae nyumbani siku zote tano, labda awe na familia au jumuiya inayomtoa nje. Ukipewa nafasi ya kuchanganya, omba siku zisizobadilika, tuseme Jumanne na Alhamisi. Siku za kushtukiza, "kesho njooni wote", zinamchosha mkimya kabla hajafika.

Kazi ya kwenda mikoani naitaja kwa kifupi tu. Mkimya mara nyingi ni hodari wa kukaa na mkulima mmoja chini ya mwembe akiwa na dodoso, kwa sababu anasikiliza hadi mwisho. Kinachoshinda wengi ni gari: siku nne na wenzako walewale tangu staftahi hadi kulala. Omba kiti cha nyuma dirishani na chumba chako mwenyewe. Hayo mawili yakikubalika, nenda.

Popote utakapokaa

Kuna machaguo madogo ambayo yamenisaidia kuliko hata meza.

Kikaoni: useme palepale au uandike kabla? Andika kabla. Mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliobuni mawazo kwa pamoja na watu wanne wanne waliobuni kila mmoja peke yake kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Kwa hiyo unapoomba ajenda siku moja kabla huombi upendeleo. Mpelekee mwenyekiti aya moja jioni ya kuamkia kikao. Kesho yake atakuita mwenyewe: "Mwenzetu kaniandikia jambo hapa, hebu tueleze." Hiyo ni hodi aliyokupigia yeye. Usisubiri mengineyo. Kufika mengineyo watu wameshakusanya funguo na mabegi, na hoja nzuri itakufa ikiwa imesimama mlangoni.

Kuwa katibu wa kikao ni njia nyingine. Anayeandika muhtasari ana ruhusa ya kusimamisha mabishano na kuuliza, "Naomba nielewe, tumeazimia nini?" Swali hilo moja lina uzito kuliko hotuba tatu. Lakini nasema na dada zangu hapa: mwanamke mkimya akikubali ukatibu mara moja huachiwa milele, na baada ya kalamu hupewa birika la chai. Kubali kwa zamu, na zamu ziandikwe kwenye muhtasari huohuo.

Hedifoni au salamu? Nimejaribu vyote, na salamu inalinda zaidi. Sisi tuna bahati ambayo wakimya wa kwingine wanaikosa: maneno yetu ya kukutana yameshatungwa, na kila mtu anayajua. Shikamoo. Marahaba. Habari za tangu jana? Njema. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Huhitaji kubuni chochote. Ukizunguka meza zote asubuhi ukamaliza salamu za kila mtu hadi mwisho, bila kuzikatisha, unatumia dakika kumi na umekuwa mtu mwenye adabu, si mtu anayeringa. Anayerukwa asubuhi ndiye atakayesema mchana kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyesalimiwa vizuri atakuacha ufanye kazi.

Chakula cha mchana: na wenzako au peke yako? Sheria hiyohiyo ya 2004 inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na ni zako. Mimi nimegawa. Siku mbili nakaa na wenzangu kwa mama ntilie, nasikia habari za ofisi ambazo haziandikwi popote. Siku nyingine natembea hadi upande wa Kivukoni, nakaa mahali penye kivuli, natazama pantoni ikienda Kigamboni na kurudi. Ila naaga: "Leo natembea kidogo." Ukiondoka kimya watu watadhani umekasirika, na utarudi ukute kuna mtu anauliza kakukosea nini.

Na kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzako nenda, hata kama sherehe zake ulizikwepa. Pale ukimya wako ni kitu chema kabisa. Unatoa pole, unakaa mkekani, hutakiwi kusema lolote zaidi. Nimewahi kukaa hivyo saa tatu na mtu ambaye ofisini tulikuwa hatuzoeani, na hadi leo ananichukulia kama ndugu.

Kuhusu kumwambia bosi, wengi huuliza waseme au wanyamaze. Sema, lakini kuhusu kazi. Ukimwambia "mimi ni introvati" anaweza kusikia ugonjwa, au kiburi. Ukimwambia "taarifa hii naomba saa tatu hadi saa tano nisikatizwe, kuanzia saa tano nipo kwa lolote", anasikia mtu anayejali taarifa. Na ikifika saa tano, uwepo kweli.

Ningechagua nini

Kwa anayeanza kazi, ukumbi, mradi meza iwe nzuri na afike mapema. Kwa mwenye uzoefu ambaye kazi yake ni kuandika, kuhesabu, kukagua au kutunza kumbukumbu, chumba chenye mlango, na mwenzake wa chumbani amjue kabla ya kusaini. Kwa mwenye chumba cha ziada nyumbani na watu wanaoelewa neno "niko kazini", siku tatu nyumbani na mbili ofisini. Asiye na chumba hicho asidanganywe na habari za wengine. Atalipia umeme na bando ili akatizwe zaidi.

Mshahara ukikaribiana, omba jambo moja kabla hujajibu barua: uonyeshwe meza utakayokaa, siku ya kazi, saa nne au saa tano, watu wakiwepo. Hakuna mwajiri wa maana atakayekataa. Simama pale dakika tatu bila kusema kitu. Hesabu wangapi wamepita nyuma ya kiti, na angalia anayemhitaji mwenzake anafanya nini kwanza: anaita kutoka mbali, anagusa bega, au anasimama pembeni na kusubiri ainuliwe uso.